Kupata kabini ya meli ya kitalii kwa bei ya dakika za mwisho ukiwa Dodoma

Nina steshenari Makole. Kazi yangu ya kila siku ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: pasipoti, mikopo ya chuo, maombi ya ajira. Safari za meli ziliingia mezani kwangu kidogo kidogo, na msimu uliopita nimewasaidia wazee wawili wa Kisasa, mwalimu mstaafu wa jiografia na mkewe, kupata kabini ya siku nne kutoka Durban siku kumi na tisa kabla meli haijang'oa nanga. Mwalimu alifundisha bandari za dunia kwa zaidi ya miaka thelathini, na chombo kikubwa alichowahi kupanda ni boti ya Zanzibar. Tangu warudi watu wananiuliza walifanyaje, na kila mmoja nimekuwa nikimweleza nusu tu kwa sababu dukani kuna foleni. Naweka yote hapa.

Kwanza, kwa nini bei hushuka

Mtu wa Dodoma hili analijua tayari. Bunge la bajeti likiwa linaendelea, Aprili hadi Juni, chumba cha gesti hukipati kwa bei ya kawaida. Wabunge wakiondoka, mwenye gesti yuleyule anakupigia simu mwenyewe. Chumba kisicholaliwa leo hakiwezi kuuzwa kesho.

Meli ni gesti inayoondoka na vyumba vyake. Ikishatoka bandarini, kabini tupu ni hasara ambayo hairudi. Mtu akiwemo ndani, hata kama amelipa kidogo, atanunua vinywaji, picha na matembezi ya nchi kavu, na huko ndiko kampuni hupata sehemu kubwa ya faida yake. Ndiyo maana wako tayari kupunguza.

Punguzo hilo huja kwa vipindi viwili. Kampuni kubwa za Marekani hudai malipo yote siku 75 hadi 90 kabla ya safari, na kwa baadhi ya safari ndefu hata 120. Tarehe hiyo ikifika, waliokuwa wameweka malipo ya awali huku wanasitasita hufuta, na kabini zao hurudi sokoni kwa pamoja. Hicho ni kipindi cha kwanza. Cha pili ni wiki nne za mwisho, kampuni ikiona bado kuna mapengo. Meli ikiwa imejaa hakuna punguzo lolote, bei hupanda hadi mwisho. Kwa hiyo anayetaka tarehe moja tu na meli moja tu, mfano kwa ajili ya fungate, mimi humshauri anunue mapema na aachane na mwongozo huu.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya polepole kabla hujaangalia bei

Pasipoti. Kama huna, anza sasa; ada ni shilingi 150,000 na fomu inajazwa mtandaoni. Kama unayo, angalia kama itabaki hai miezi sita baada ya kurudi, na kama ina angalau kurasa mbili tupu zinazotazamana.

Chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo ukiona ofa ya meli inayoondoka baada ya wiki moja na hujachanjwa, umeshachelewa. Afrika Kusini hukidai kwa mtu anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo zaidi ya saa 12, na ndege nyingi za bei nafuu kutoka Dar hupitia Nairobi au Addis Ababa. Mimi humwambia kila mtu achanje tu. Tangu mwaka 2016 cheti hicho kinadumu maisha yako yote, hakuna tena kurudia kila baada ya miaka kumi.

Kadi ya benki. Hii ina hatua yake huko chini, nayo ni ndefu.

Hatua ya 2: Bandari ichaguliwe na pasipoti yako

Karibu kila maelezo utakayoyasoma kuhusu ofa za dakika za mwisho yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Marekani au Ulaya. Wanakwambia nenda Miami, nenda Barcelona, kuna kabini kwa bei ya chakula cha jioni. Ni kweli zipo. Lakini wao wakiiona ofa leo, wiki ijayo wako melini. Wewe una pasipoti ya Tanzania, na ofa ya siku kumi na tano haina maana yoyote kama viza ina siku thelathini.

Kwa hiyo mimi hupanga bandari katika mafungu, na naanza na lile ambalo halitudai viza.

Durban ndiyo ya kwanza, na kwa mtu wa Dodoma naiweka mbali sana mbele ya nyingine. Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90, na Msumbiji pia huingia bila viza. Meli za kampuni ya MSC hukaa Durban majira ya joto ya kule, takriban Novemba hadi Machi au Aprili, na safari zake fupi za usiku mitatu au minne huenda Pomene, katika jimbo la Inhambane, au Ilha dos Portugueses, kisiwa kidogo kwenye ghuba ya Maputo. Nchi mbili, na hakuna ubalozi hata mmoja wa kuupigia magoti.

Fungu la pili ni Dubai. Viza inahitajika, ila huombwa mtandaoni na hutoka haraka. Meli hukaa huko miezi ya baridi ya Ulaya. Tahadhari yake ni moja na nitaieleza kwenye Ulaya, kwa sababu ni ileile.

Fungu la tatu ni Ulaya, na hapa naomba usome taratibu.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia kundi la nchi nyingi za Ulaya, kwa kanuni zao, inaweza kuombwa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na wakihitaji muda wanaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Maombi na alama za vidole ni Dar es Salaam, kwa hiyo ongeza safari moja ya kwenda huko. Kwa hesabu hiyo mtu asiye na viza hawezi kuwinda dakika za mwisho Ulaya. Anayeweza ni yule ambaye viza tayari imo kwenye pasipoti, labda aliipata kwa mkutano au kumtembelea mtoto anayesoma.

Na hata huyo, nimemwona akikwama. Miaka miwili iliyopita alikuja mama mmoja, mtumishi wa umma, aliyekuwa na viza ya Schengen kwa ajili ya semina. Semina ingeisha Ijumaa, naye alikuwa na likizo ya wiki moja mbele. Nilimtafutia meli inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, inapita visiwa vya Ugiriki, inagusa Kuşadası nchini Uturuki, kisha inarudi Ugiriki. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tulilipa. Usiku huohuo, nikiwa nachapisha nakala ya viza yake, nikaona kisanduku kinachoonyesha idadi ya kuingia kimeandikwa 01.

Kuingia mara moja. Uturuki haimo Schengen. Meli ikifika Kuşadası, kwa hesabu ya viza umeshatoka Ulaya, na ile mara yako moja imekwisha. Kurudi Ugiriki unahitaji mara ya pili ambayo huna. Kampuni tulipoipigia ilitwambia wazi kwamba hatapandishwa. Tukafuta, na kwa kuwa zilikuwa zimebaki siku chache, kilichorudi ni ada za bandari na kodi tu. Bei ya kabini ilibaki kwao. Mama yule hakunilaumu, lakini kisanduku kile kilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo na mimi ndiye niliyepaswa kukisoma.

Kwa hiyo sasa, kabla sijafungua tovuti yoyote, nachukua viza na kuangalia vitu vitatu. Idadi ya kuingia: 01, 02, au MULT, yaani mara nyingi. Idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, ambayo si sawa na tarehe za mwanzo na mwisho. Na tarehe yenyewe ya mwisho. Halafu nachukua ratiba ya meli, bandari moja baada ya nyingine, na kuandika kando ya kila moja: Schengen au siyo. Kroatia imo tangu Januari 2023. Bulgaria na Romania zimo kikamilifu tangu Januari 2025. Uturuki, Montenegro, Albania, Tunisia, Morocco na Uingereza hazimo. Kama viza ni 01, meli inayofaa ni ile isiyotoka nje kabisa, mfano inayozunguka Italia, Ufaransa na Hispania peke yake. Na kila bandari ambayo haimo Schengen ina masharti yake kwa Mtanzania, hata kama hutashuka melini, hivyo iulize kampuni kabla hujalipa na upate jibu kwa maandishi.

Tahadhari ya Dubai niliyoahidi ni hiyohiyo. Meli ikitoka Dubai kwenda Muscat au Doha na kurudi, umetoka nje ya Falme za Kiarabu na unaingia tena. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo.

Miami na bandari nyingine za Marekani sizipangi kabisa katika dakika za mwisho.

Hatua ya 3: Tarehe

Kwa Durban, kimbia kipindi cha kuanzia katikati ya Desemba hadi shule za Afrika Kusini zifunguliwe mwezi Januari. Kimbia pia Pasaka. Mwishoni mwa Januari na Februari, safari zinazoanza katikati ya wiki, ndiko nilikoona punguzo la kweli. Miezi hiyo ni ya vimbunga katika mlango wa Msumbiji, kwa hiyo inawezekana mkafika mbele ya kisiwa na msishuke kwa sababu boti ndogo haziwezi kubeba watu kwenye mawimbi. Kampuni haina wajibu wa kukurudishia nauli kwa bandari iliyorukwa. Mteja namwambia ukweli huo mapema. Mwalimu nilimwambia, akajibu kwamba yeye amefuata bahari yenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta

Tumia kompyuta. Kwenye simu utaiona bei kubwa iliyoandikwa kwa rangi na hutayaona masharti yaliyo chini yake, na masharti ndiyo yanayokuhusu.

Kwa Durban naenda moja kwa moja kwenye tovuti ya MSC, nachagua nchi Afrika Kusini, bei zinakuja kwa randi. Soma kama ofa ni ya wakazi wa nchi hiyo tu. Zipo za namna hiyo, na ukiinunua wanaweza kukudai tofauti. Kwa Dubai na Ulaya naangalia Vacations To Go, ambayo ina orodha ya meli zote zinazoondoka ndani ya siku 90 pamoja na kiasi cha punguzo. Siinunui huko; naitumia kujua meli ipi ina nafasi nyingi, kisha naenda kwa kampuni yenyewe. CruiseMapper ni nzuri kwa kuona ratiba ya bandari na umri wa meli.

Halafu daftari. Kila asubuhi nikifungua duka, kabla wateja hawajaja, naandika tarehe, meli, aina ya kabini, bei. Dakika tano. Programu za kukutumia taarifa bei ikishuka sizipendi, kwa sababu hukutumia bei ya tangazo ambayo haina ada. Ukiandika kwa mkono kwa wiki mbili unaanza kuijua meli: ile ambayo bei imekaa palepale siku kumi halafu ikashuka kidogo mara mbili mfululizo ina mapengo, na itashuka tena. Ile ambayo aina moja ya kabini imetoweka kwenye orodha inajaa, usingoje.

Mauzo hufungwa siku kadhaa kabla ya kuondoka kwa sababu orodha ya abiria lazima ipelekwe kwa mamlaka za bandari. Kwa mtu anayetoka Dodoma mimi naweka mwisho wangu kuwa siku 12. Chini ya hapo ndege inakula punguzo lote.

Hatua ya 5: Hesabu kuanzia mlangoni kwako

Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja, katika kabini ya watu wawili. Anayesafiri peke yake hulipa karibu ya wawili, kwa hiyo tafuta mwenzako.

Chukua karatasi na uandike: bei ya kabini mara mbili, ada za bandari, bima, bakshishi ya kila siku (kampuni za Marekani hutoza takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na huiweka kwenye bili bila kukuuliza), treni ya SGR kwenda Dar (daraja la kawaida ni shilingi 31,000), usiku mmoja Dar, ndege hadi Durban, usiku mmoja Durban, teksi, chakula cha njiani. Kisha rudi nyuma kwa njia ileile.

Kwa Mwalimu na Mama, yaani mkewe, kabini ilikuwa chini ya theluthi moja ya gharama yote. Ndege ndiyo iliyobeba sehemu kubwa. Ndiyo maana kila siku ninapoandika bei ya kabini huandika na bei ya ndege kando yake, kutoka Google Flights, Dar hadi Durban kwa tiketi moja, hata kama inapitia Johannesburg. Tiketi mbili tofauti zina sura ya unafuu, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui. Kabini ikishuka kwa randi mia nane huku ndege ikipanda kwa laki tatu za shilingi, hujapata ofa.

Fika Durban siku moja kabla. Hapa sina mjadala na mteja. Meli haisubiri mtu.

Hatua ya 6: Kabini

Chukua ya ndani isiyo na dirisha, ile unayopangiwa na kampuni. Kwa MSC hiyo ni daraja la Bella. Unalala tu humo. Bahari iko juu kwenye sitaha, bure. Anayeumwa na kichefuchefu cha bahari alipe zaidi apate daraja la kuchagua mwenyewe, kama Fantastica, achukue ya katikati ya meli na sitaha za chini.

Hatua ya 7: Kulipa

Hatua hii iliwahi kunila kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano na nusu usiku, nikiwa na Mwalimu na Mama wamekaa kwenye viti vya plastiki dukani, na tukaondoka hatujalipa.

Bei tuliyokuwa tukiisubiri ilitokea jioni. Nikajaza majina kama yalivyo kwenye pasipoti, nikafika ukurasa wa malipo, nikaingiza kadi ya Mwalimu. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Mara ya tatu kadi ikafungwa kabisa. Tukajaribu ya Mama, nayo ikakataa kwa sababu nyingine. Wakati huo ukurasa ukawa umeisha muda, na tulipofungua upya kabini ileile ilikuwa imepanda.

Kesho yake asubuhi tulikwenda benki, na haya ndiyo tuliyojifunza. Yafanye yote wiki moja kabla hujaanza kuwinda.

Kadi nyingi za hapa nchini hutolewa zikiwa zimezimwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Kutoa pesa kwenye mashine na kulipa dukani zinafanya kazi, kwa hiyo mwenye kadi hajui. Lazima uombe iwashwe, ama kwenye programu ya benki ama kwa kujaza fomu tawini. Kadi ya Mama ilikuwa hivyo.

Kuna kikomo cha matumizi kwa siku. Salio linaweza kuwepo na kadi ikakataa, kwa sababu kiasi kinazidi kikomo. Omba kipandishwe kwa muda, na uulize kinahesabiwa kwa shilingi au kwa dola.

Namba ya uthibitisho hutumwa kwa laini ya simu iliyosajiliwa benki. Ya Mwalimu ilikuwa laini aliyoiacha tangu mwaka alipostaafu. Kila tulipojaribu, namba ilikwenda kwenye laini isiyokuwepo, na benki ikahesabu kwamba tumekosea. Mara tatu, kadi ikafungwa. Hili ndilo lililotula usiku ule, na kulirekebisha kulihitaji yeye mwenyewe afike tawini na kitambulisho cha NIDA. Binti yake hakuruhusiwa kwa niaba yake.

Baada ya kurekebisha, jaribu kadi kwa kununua kitu kidogo kutoka tovuti ya nje ya nchi. Usiende kwenye malipo makubwa na kadi ambayo haijawahi kulipa hata dola mbili.

Weka salio la ziada. Benki hubadilisha randi kwa kiwango chake yenyewe, si kile unachokiona Google, na huongeza ada. Mimi huacha asilimia kumi juu. Ukurasa ukikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au dola badala ya randi, chagua randi. Ile huduma ya kukubadilishia palepale ina kiwango kibaya zaidi.

Kadi za mtandaoni za kampuni za simu, zile unazotengeneza ndani ya simu na kuzijaza kutoka kwenye mkoba wako wa pesa, zinafaa kama akiba. Nazipenda kwa ndege. Kwa meli angalia kikomo cha mkoba wako kwanza.

Njia nyingine ambayo sasa naanza nayo ni simu. Piga ofisi ya mauzo ya kampuni na uombe wakushikie kabini kwa jina lako bila malipo. Kwa safari ambayo tarehe yake bado iko mbali huweza kukupa siku nzima. Karibu na tarehe ni saa chache, wakati mwingine hawakubali. Lakini saa tatu zinatosha kufika benki. Kumbuka Durban wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ofisi inayofunguliwa kwao saa mbili asubuhi, kwetu ni saa tatu.

Na mtu akikwambia anayo kabini ya bei ya chini kuliko tovuti, umtumie pesa kwenye namba yake binafsi leo kabla haijaenda, usitume. Dakika za mwisho ndipo watu hufanya haraka, na wezi wanalijua hilo. Wakala wa hapa nchini atakuonyesha leseni yake ya TALA, ile ya biashara ya utalii, bila kukasirika, na bei yake ataitaja kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kuuzwa kwa fedha za kigeni. Nikilipa mwenyewe, namba ya uthibitisho ya safari naiingiza kwenye tovuti ya kampuni kabla sijamwambia mteja tayari. Majina yakitokea humo, ndipo nampigia.

Jambo la mwisho la kadi: melini hutumii pesa taslimu. Kila unachonunua huandikwa kwenye kadi ya kabini, na siku ya kwanza wanataka dhamana. Ukiwapa kadi ya benki ya kawaida, wanaweza kuzuia kiasi fulani kwenye akaunti yako, na kiasi hicho kikabaki kimezuiwa siku kadhaa baada ya kurudi. Mwalimu aliweka dhamana ya taslimu kwenye kaunta ya mapokezi na akarudishiwa baki asubuhi ya kushuka.

Hatua ya 8: Simu

Izime data na uiweke hali ya ndege mara tu meli inapotoka bandarini. Meli ina mtandao wake wa simu baharini na bei yake haihusiani na bando lako.

Hatua ya 9: Karatasi

Jisajili mtandaoni mara tu baada ya kulipa, usingoje, kwa sababu kadiri unavyojisajili mapema ndivyo unavyopata saa nzuri ya kupanda. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya Durban. Angalia mbili: ile ya kuondoka, na ile ya mwisho ya kupanda, ambayo ni mapema zaidi.

Chapisha kila kitu, hata kama kimo kwenye simu. Najua nina duka la kuchapisha, lakini ningesema hivyo hata ningekuwa nauza nyanya Majengo. Simu ya mzee huisha chaji kwenye foleni. Tiketi ya meli nakala mbili, tiketi ya ndege ya kurudi, bima, hoteli ya Durban, ukurasa wa pasipoti, cheti cha chanjo. Wenye watoto wabebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Uhamiaji wa Afrika Kusini wana haki ya kuviomba. Afisa akiuliza unakwenda wapi, mpe karatasi ya meli na ile ya ndege ya kurudi kwa pamoja, kabla hajaomba ya pili.

Mwisho kabisa ni lebo za mizigo. Zinakuja pamoja na tiketi, kurasa zenye namba ya kabini na rangi ya sitaha. Pale kituo cha abiria Durban, kile chenye jina la Nelson Mandela, unakabidhi begi kubwa mlangoni na unalikuta mbele ya kabini yako jioni. Lebo ikichanika, begi lako linakaa na mengine yasiyo na mwenyewe. Kunja karatasi mara mbili kwa urefu, ipitishe kwenye mkono wa begi, bana stepla pini tatu, kisha zungusha selotepu pana juu yake yote ili maji yasiingie. Tengeneza mbili kwa kila begi. Dawa, pasipoti na nguo moja ya kubadilisha viwe kwenye begi dogo unaloshika mwenyewe. Za Mwalimu na Mama nilizifunga hapa dukani siku moja kabla ya treni, na Mama akaniomba nibane pini ya nne.